Jumamosi na raketi ya kuazima

Leo nilimsindikiza mpwa wangu kwenye klabu ya tenisi ya mtaani, hapa Mombasa, nikijua nitakaa kivulini na dafu langu. Wapi! Kocha kanitia raketi mkononi, mpini umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Watoto 20 hivi, raketi 7, wanapokezana bila ugomvi. Wadogo wanatumia ile mipira myekundu laini, isiyodunda sana.

Mpira wangu wa kwanza uliruka ukuta hadi kwa muuza mahamri. Aliurudisha, na maneno juu!

Msichana wa miaka 9 akanihurumia: "Ami, zungusha bega, usipige kwa kiganja tu." Huyo humtaja Angella Okutoyi, bingwa wa Wimbledon 2022 kwa wasichana wawili wawili, kama dadake wa tumbo moja.

Bega lauma. Jumamosi narudi.