Barua Kumi na Moja

Miezi miwili iliyopita kanisa letu lilimpokea dada yetu mmisionari aliyekuja likizo baada ya miaka minne ya utume. Alipewa dakika tano, kati ya matangazo na sadaka. Alisalimu, akashukuru kwa michango yetu, akaonyesha picha tatu, na kabla hajaifikia ya nne mwongoza ibada akamgusa bega kumkumbusha muda. Ratiba ile niliipanga mimi mwenyewe, kwa kuwa ndimi katibu wa kamati ya misheni.

Jioni ya siku hiyo, nikitafuta jambo jingine kabisa katika barua pepe za kamati, nilikuta barua zake za maombi, kumi na moja kwa jumla. Saba hazikuwa zimefunguliwa. Nne zilifunguliwa, na hakuna hata moja iliyojibiwa. Katika miaka hiyo minne hatukukosa kumtumia fedha hata mwezi mmoja, jambo ambalo nimekuwa nikilisoma kwa majivuno katika kila taarifa ya mwaka, na sikuwahi kujiuliza kama mtu anayepokea fedha kila mwezi bila neno lolote anajiona ametumwa na ndugu zake au ameajiriwa na ofisi isiyo na anwani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikirudia habari za kanisa la Antiokia. Mwanzo wake tunaujua sote, kwa maana husomwa kila tunapomuaga mtu: katika Matendo 13 walifunga, wakaomba, wakawawekea mikono Barnaba na Sauli, wakawaacha waende zao. Sehemu hiyo tunaifanya vizuri, na machozi huwa ya kweli. Lakini mwisho wa sura ya 14 wajumbe wale wanarudi Antiokia, wanalikusanya kanisa, wanaeleza yote waliyoyapitia, kisha wanakaa na wanafunzi muda mrefu. Mstari huo nilikuwa naupita kama mtu anayepita kibao cha barabarani. Kanisa zima liliketi kusikiliza, na wasafiri wakaachiwa nafasi ya kukaa bila kusukumwa kwenda kuhubiri kila Jumapili mahali tofauti. Sisi tulikuwa tumempangia dada yetu makanisa tisa katika wiki sita, tukaiita likizo.

Nilikwenda kumwomba radhi. Hakulidharau suala la fedha, wala sitaki mtu asome maneno haya akadhani barua zinaweza kuchukua nafasi ya mchango, kwa sababu alisema wazi kwamba kiasi kidogo kinachofika kila mwezi bila kukosa kilimsaidia kuliko changizo kubwa la siku moja ambalo hufuatwa na mwaka mzima wa kimya. Kilichomchosha ni swali ambalo tulimuuliza kila alipopiga simu: wangapi wameokoka? Miaka miwili ya kwanza alikuwa akijifunza lugha, na hakuwa na idadi yoyote ya kututajia, hivyo akaanza kuandika barua fupi zaidi, kisha za nadra zaidi.

Nilimkumbuka Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyefika Rabai, karibu na Mombasa, mwaka 1846 na kubaki katika kazi hiyo hadi 1875, aliporudishwa Ulaya akiwa kipofu, akafariki mwaka uliofuata. Walioongoka kwa mahubiri yake walikuwa wachache. Miaka mingi aliitumia kukusanya maneno, na kamusi yake ya lugha ya watu wa Nyasa ilichapishwa mwaka 1877, yeye akiwa kaburini tayari. Kamati yetu ingemsomaje mtu wa namna hiyo katika taarifa ya mwaka? Naogopa kwamba mimi ningependekeza mchango wake uhamishiwe kwingine.

Jambo jingine nililojifunza ni namna ya kuuliza. Kila tulipomuuliza mmisionari anahitaji nini, jibu lilikuwa moja: mtuombee tu. Tulilipokea kwa furaha, maana halikutugharimu chochote. Paulo hakuwa na haya ya aina hiyo. Akiwa kifungoni alimwandikia Timotheo amletee joho aliloliacha kwa Karpo huko Troa, pamoja na vitabu, tena afike kabla ya majira ya baridi. Lakini Paulo alikuwa akimwandikia mtu aliyemwita mwanawe, na nadhani ndiyo sababu aliweza kutaja joho. Nikabadilisha swali. Nilimuuliza dada yetu ni kitu gani kimoja kinachomkosesha usingizi akiwa kule. Hakufikiri hata kidogo. Alisema: "Mama yangu. Anaishi peke yake, macho yamepungua nguvu, na katika miaka minne hakuna mtu wa kanisani aliyepita kumjulia hali."

Dada yetu alikwisha kurudi kazini. Barua yake ya kwanza ilifika juzi, nami niliisoma siku hiyo hiyo hadi mwisho, nikaichapisha kwa herufi kubwa. Leo mchana tulikwenda kwa mama, mimi na wazee wawili wa kanisa. Alitupokea kwa heshima nyingi kuliko tulivyostahili, akaishika karatasi karibu na uso, akajaribu mstari wa kwanza, kisha akanirudishia na kusema, "Nisomee, mwanangu, herufi zinacheza." Nilisoma polepole. Penye habari za homa iliyomlaza binti yake siku nne alinisimamisha, akataka nirudie. Penye habari za jirani mmoja aliyeanza kuja kusoma Injili pamoja naye alitabasamu, akanyamaza kitambo.

Nilipomaliza alizikunja karatasi zile mara mbili, akaziweka chini ya kitambaa cha meza, akaniuliza, "Na ninyi mmeshamjibu?"

Nikatoa simu. Mama akasogeza kiti, akaanza kunitajia maneno ya kuandika, akianza na salamu.