Sarafu Moja Kushuka, Moja Kupanda

Jumamosi hiyo ya 2019 niliingia sebuleni kwangu Nyalenda, Kisumu, na kurasa kumi na moja nilizochapisha saiba, shilingi kumi kila ukurasa. Zote zilihusu Waterdeep. Huo ni mji mkubwa wa pwani katika Forgotten Realms, dunia ya kubuni ambayo Mkanada Ed Greenwood alianza kuitunga utotoni na kampuni ya TSR ikaitoa 1987 ili watu waichezee Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo msimulizi anaeleza hadithi na kila mchezaji anaigiza mhusika wake kwa kurusha dadu. Tangu hapo imeandikiwa vitabu hadi ukitaka kuvimaliza utaota mvi kabla hujarusha dadu. Mimi nilitaka kuvimaliza. Nilikuwa msimulizi wa mchezo, na niliona aibu mchezaji aniulize jambo nisilolijua.

Basi nikasoma kwa sauti. Mabwana wa mji, vyama vya mafundi, Halaster yule mchawi mwendawazimu aliyechimba Undermountain, mahandaki ya hatari chini ya mji. Kufikia ukurasa wa nne binamu yangu alikuwa anamenya karanga. Shemeji alikuwa kwenye simu. Jirani yangu, mwalimu wa hesabu, alikuwa amezipanga dadu zake kama mnara, na bila kuinua macho akasema, "Omera, haya yote yatakuja kwa mtihani?"

Niliumia, sitaficha. Nikaruka kurasa sita nikawatupa moja kwa moja ndani ya Yawning Portal, ile baa iliyojengwa juu ya kisima kipana chenye kina cha futi 140. Ukitaka kuingia Undermountain, unateremshwa hapo kwa kamba. Mwenye baa ni Durnan, mzee aliyewahi kushuka mwenyewe akarudi tajiri. Anatoza sarafu moja ya dhahabu kukushusha na nyingine moja kukupandisha.

Mwalimu akaangusha mnara wake wa dadu. "Ngoja. Tuko wanne. Tuna ngapi?"

Walikuwa na saba.

Binamu akapanga karanga saba mezani. Kwenda na kurudi watu wanne ni nane. Hapo ndipo kikao kilipoanza, saa tatu kasoro usiku, baada ya mimi kuongea karibu saa nzima. Walijaribu kumbembeleza Durnan: bei ya jumla, watu wawili kwa kamba moja, kulipa wakitoka na mali. Nilikataa yote kwa sauti nzito ya mzee wa baa, nikifurahia kupita kiasi. Jina la bwana wa mji halikumfanya mtu yeyote asogee kitini; nauli iliwasimamisha, maana kila mmoja wao alishawahi kubishana na makanga kule Kondele.

Ndipo mchezaji wetu wa nne, ambaye ni mweka hazina wa chama cha akina mama mtaani, akauliza, "Na tukifia huko, pesa ya kurudi inabaki na nani?"

Katika kurasa zangu hilo halikuwepo. Nikajibu kama Durnan: "Mimi sishiki pesa za watu."

"Basi nabaki nazo mimi."

Wakakubali haraka mno. Watatu washuke, tatu zilipwe, tatu zibaki za kuwapandisha, moja ya akiba. Hesabu ilikaa sawa. Hakuna aliyekumbuka kwamba mhusika wa mweka hazina, aliyebaki juu, alikuwa kuhani, na kwamba kwenye kundi zima ndiye peke yake aliyejua kutibu.

Walikumbuka dakika kumi baadaye, mifupa inayotembea ilipomlaza shemeji chini. Simu aliiweka kando sasa. Binamu akawa anaitikisa kamba ya kuwaziwa kwa mikono miwili, akipiga kelele hadi jirani wa ng'ambo akagonga ukuta: "Shuka! Shuka, anakata roho!"

Mweka hazina alikuwa na karanga nne mbele yake. Akatenga tatu upande, akazifunika kwa kiganja. Hizo hazikuguswa. Akaichukua ya nne kwa vidole viwili, akaitazama muda mrefu. Ilitosha kushuka tu.

"Mzee Durnan," akaniambia, kwa heshima ambayo sikuwahi kuipata kwake kabla ya hapo, "wewe hukopeshi?"