Mwembe uliokuwa unawanyima sato wangu chakula

Bwawa langu la kwanza la sato, hapa Turiani, nililichimba kwa makusudi chini ya mwembe wa baba mkwe. Niliwaza kivuli kitawapoza samaki na maji hayatakauka upesi.

Miezi minne ikapita, vifaranga bado saizi ya kidole. Maji yalikuwa maangavu, naona mpaka tope la chini, na usafi ule nikijivunia. Jirani akanishauri niweke mbolea, nikatumbukiza gunia la samadi ya ng'ombe kwenye kona. Maji yakawa kama chai ya rangi, yakaanza kunuka. Ukijani haukuja.

Bwana samaki alipofika hakuangalia maji kwanza, aliangalia juu. "Dada, bwawa lako halioti jua."

Akanieleza kwamba samadi ni virutubisho tu, nguvu yenyewe inatoka kwenye jua. Kuna vijimea vinaelea majini, vidogo mno kwa macho yetu. Hivyo ndivyo vinavyonasa mwanga na kutengeneza sukari kutokana na maji na kabonidayoksaidi, yaani usanisinuru. Vidudu vya majini hula vijimea, na sato hula vyote viwili. Gizani samadi inaoza tu, na bakteria wanaoiozesha wanamaliza oksijeni ya samaki.

Nilimwendea baba mkwe kwa adabu zote. Akasema, "Kata, mwanangu, ila tawi la bembea ya watoto uliache." Nikapogoa upande wote wa mashariki, nikang'oa na migomba miwili. Siku kumi hazikuisha, maji yalikuwa ya kijani kama mchicha uliosagwa. Nilifurahi hadi nikaongeza gunia la pili, na hapo nilikosea. Alfajiri moja nikakuta samaki wamejaa juu, midomo wazi, wakitweta. Usiku hakuna mwanga, kwa hiyo vijimea navyo vinavuta oksijeni badala ya kuitoa, na vyangu vilikuwa vimezidi. Nilitoa magunia yote, nikafungulia maji ya mfereji. Sita walikufa.

Siku hizi kipimo changu ni mkono. Nauzamisha hadi kiwiko: kiganja kikianza kupotea hapo, maji yako sawa. Kikipotea mapema, gunia linatoka. Na masika, mawingu yakikaa siku tatu mfululizo, nalitoa bila kupima.