Nilivyoficha nyaya za chumba cha gemu bila kuchimba ukuta

Chumba chenyewe kilikuwa stoo. Tunapanga, huku Tabata, Dar es Salaam, na wanangu walipopewa PlayStation ya mkono wa pili na mjomba wao, baba yao akahamisha magunia ya mkaa, akatundika TV, akaleta spika mbili, ruta na feni. Soketi ni moja, tena iko ukuta wa pili. Wiki haijaisha, sakafu ikawa kama nyavu za soko la samaki la Feri.

Nilivumilia mpaka siku mtoto wa jirani aliponasa mguu kwenye waya akikimbilia pedi, ile ya mkononi ya kuchezea gemu. Mashine ilishuka mezani, mwanangu mkubwa akaidaka kama kipa.

Nikaamua kutandika zulia juu ya nyaya. Kwa macho pakapendeza. Jumapili moja nikapita peku, nikahisi joto chini ya unyayo. Kufunua, nakuta ekstensheni niliyoikunja duara ili isizagae imelegea ganda kama mshumaa. Kuna mtu alichomeka pasi humo. Nani, hadi leo sijaambiwa. Nilishangaa fyuzi ya plagi haikukatika, fundi akanieleza: fyuzi ni ya ampea 13, na pasi ya wati 2,000 kwa umeme wetu wa volti 230 haifiki hata ampea 9. Fyuzi haikuona kosa. Waya ndio ulikuwa mwembamba, umekunjwa, umefunikwa, joto halina pa kutokea.

Huyo fundi alikuwa na lake: "Dada, tuchimbe ukuta, tulaze paipu, tupige plasta, hutaona kitu." Kweli, kuta zetu ni za tofali za saruji. Zile video za Marekani, mtu anatoboa matundu mawili na waya unashuka wenyewe ndani, wenzetu kuta zao zina uwazi katikati. Mwenye nyumba hakutaka hata kusikia. "Mama Farid, patasi kwenye ukuta wangu, hapana." Matundu madogo ya skrubu aliyakubali, ila niyazibe nikihama.

Basi tukabaki na trankingi, ile mifereji ya plastiki nyeupe yenye kifuniko cha kubana. Nilizifuata Kariakoo. Zinakuja na gundi mgongoni, na mimi nikaiamini. Rangi yetu ya ukutani inatoa unga, halafu joto la Februari mnalijua. Siku ya tatu mfereji mzima unaning'inia, umeondoka na ngozi ya rangi. Fundi akarudi na drili: fisha, vile vizibo vya plastiki vya kushika skrubu tunduni, na skrubu kila nusu mita. Haujatikisika tena.

Kona ndizo zilinitoa jasho. Vipande viwili vikikutana lazima kila kimoja kikatwe mshazari, la sivyo panabaki mwanya kama pengo la jino. Niliharibu viwili kwa kukadiria. Mwishowe nikachukua karatasi ya mraba, nikaikunja kona kwa kona. Ule mkunjo ni nyuzi 45 kamili. Nikauchora kwa penseli juu ya plastiki, nikakata taratibu kwa msumeno wa chuma, nikalainisha kwa msasa. Kona ya tatu hata fundi aliipapasa.

Waya wa spika tuliutengea mfereji wake, maana ukilala sambamba na wa umeme spika zinavuma. Kabla ya kufunika nilizungushia kila waya kipande cha tepu chenye jina, ncha zote mbili. Ekstensheni mpya, nene, imelala bila kukunjwa ndani ya tenga la plastiki lenye matundu, chini ya meza, swichi ikitazama mbele. Umeme ukikatika nataka kuizima bila kupiga magoti, kabla haujarudi kwa kishindo. Pasi imepigwa marufuku chumba hicho.

Waya mmoja tu umebaki nje, wa kuchajia pedi. Niliwahi kuuficha, siku moja. "Mama, waya uko wapi?" niliisikia mara nane kabla ya magharibi, nikautoa.