Usiku tuliobadilisha pawasaplai za ruta bila kukata mtandao

Ilikuwa 2016, niko Dar nafanya kazi kwa watu wa intaneti, na ruta yetu kubwa, mashine inayopitisha mtandao wa wateja wote, ikaanza kupiga alamu kwamba pawasaplai moja, yaani kile kifaa kinachoilisha umeme, imekufa. Ruta yenyewe inadunda kama kawaida, sababu mashine hizi zinakuja na pawasaplai mbili, moja ikilala nyingine inabeba mzigo wote, na unaweza kuchomoa na kuchomeka huku mashine inawaka. Mteja hajui kitu. Sisi ndio tulikuwa hatulali, maana benki, hospitali na mawakala wa pesa wote walikuwa wanategemea hiyo moja iliyobaki, tena ya umri uleule na iliyokufa, ndo maana tukaamua tubadilishe zote mbili usiku huohuo.

Tukapewa nafasi kuanzia saa saba usiku mpaka saa kumi. Dada aliyekuwa anaongoza zamu hakutaka mtu aguse kitu kwanza. Akaniambia, "Mdogo wangu, shika waya kwa mkono uufuate mpaka unakoishia, lebo achana nazo." Nikashika waya wa ile iliyokufa, lebo inasema B, yaani ulitakiwa uende UPS B (UPS ni mashine ya betri inayoshikilia umeme ukikatika, na sisi tulikuwa nazo mbili, A na B). Nikaufuata nyuma ya raki, lile kabati la chuma la kufungia mashine, ukapita katikati ya lundo la kebo za mtandao, ukazama chini ya sakafu, nikanyanyua kigae nikamulika na simu, kumbe unazunguka unapanda upande wa pili na umechomekwa UPS A, ubavuni kwa mwenzake kabisa.

"Dada, zote ziko A."

Akaja akapiga magoti akaona mwenyewe. Mwili ulinisisimka aisee, maana miaka yote hiyo tunaandika kwenye ripoti kwamba ruta ina njia mbili za umeme na UPS A ingezima siku yoyote tungeanguka wote.

Basi tukavuta waya mpya mrefu kutoka UPS B. Nikavaa bangili ya kuzuia umeme tuli wa mwilini usiunguze vifaa, nikaangalia taa kwanza maana ukichomoa ile nzima umeua ruta, na ukiwa nyuma ya raki kushoto na kulia vinachanganya sana. Nikatoa waya, nikabana kibanio, nikavuta pawasaplai kwa mpini ikatoka na vumbi lake, nikasukuma mpya mpaka ikalia tak, ndo nikachomeka waya wa B. Taa ikawaka kijani.

Hapo ndo wengi wanaharakisha, na naomba sana mafundi wadogo msifanye hivyo. Taa ya kijani inakwambia pawasaplai iko sawa, haikwambii kwamba imeshaanza kubeba. Tukafungua konsoli, skrini ya kuongea na ruta yenyewe, tukasoma wati: ile ya zamani ilikuwa inabeba karibu 300 peke yake, sasa ikashuka taratibu hadi 150 na kitu na mpya nayo ikafika hapohapo. Tukasubiri zaidi, alamu ikafutika, dada akasema, "Haya sasa, toa hiyo nyingine."

Nilipovuta waya wa ya zamani feni zikanguruma ghafla, moyo ukaruka, macho yote kwenye laptopu ambako tulikuwa tumeacha pingi, yaani vijumbe vidogo vya kupima kama mtandao uko hai, inakimbia muda wote. Mstari baada ya mstari, hakuna uliopotea. Kwa ruta ile feni nyingine zimo humohumo kwenye pawasaplai kwa hiyo huwezi kuacha tundu wazi ukaenda kunywa chai, nikapachika mpya fasta, mzigo ukagawanyika tena nusu kwa nusu.

Kabla ya kuondoka tukafuata waya za umeme za swichi za mtandao zilizo kwenye raki ileile, na mbili zilikuwa na shida hiyohiyo. Baadaye mwaka huohuo UPS A ilizimwa mchana ibadilishwe betri, watu wako kazini, ruta ikaendelea kwa B na hakuna mteja aliyepiga simu.