Liberator ya Uyole

Asubuhi hii na baridi yote hii ya Uyole, hapa Mbeya, jamaa wa bodaboda kasimama getini anamimina petroli kutoka kwenye chupa ya maji, harufu ikaingia mpaka sebuleni. Nilitoka nimgombeze, nikajikuta nimesimama tu mlangoni namkumbuka babu na ile ndege yangu ya plastiki ya kuunganisha.

Mjomba si mnamjua, alikuwa ananunua mabelo ya mitumba pale Mwanjelwa bila kuuliza kilichomo. Siku hiyo kafungua belo la midoli, midoli yenyewe nusu haina vichwa, katikati kuna boksi limebonyea, juu yake imechorwa ndege ya injini nne, nyuma ina mapezi mawili yamesimama. B-24 Liberator, ndege ya mabomu ya Wamarekani, ya Vita Kuu ya Pili. Ndani vipande vyake vyote vya plastiki bado vimeshikilia kwenye fremu, karatasi ya maelekezo ipo, stika zimekuwa za njano. Gundi hakuna. Mjomba akanirushia, "Chukua, hii haina mnunuzi."

Nilikuwa darasa la sita. Gundi nilitengeneza mwenyewe: lile povu gumu jeupe linalokaa kwenye boksi la redio, ukilitia kwenye petroli linayeyuka linakuwa uji unaonata, na kwa kuwa plastiki ya ile ndege nayo ni jamii hiyohiyo basi vinashikana kisawasawa. Bibi alinifukuza jikoni na petroli yangu, na alikuwa na haki kabisa. Ilikuwa ya kipimo cha moja kwa sabini na mbili, yaani Liberator halisi yenye mabawa ya mita 33 na nusu pale mezani inakuwa sentimeta 46 hivi. Kilichonisumbua ni pua. Liberator ina gurudumu la mbele, na ule mwili wake mzito uko nyuma, kwa hiyo modeli yake usipoitia uzito puani inakaa kitako, mkia chini pua juu. Nikaenda kwa fundi tairi barabarani, pale wanaposimama maroli ya Tunduma, akanipa vile vichuma vya kubalansi rimu. Nikavijaza puani, ikasimama. Kupaka rangi na mengine siwachoshi.

Sasa jioni moja umeme umekatika, babu kaja kuota moto sebuleni na kabuti lake. Babu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, alienda Bama, ndiyo Burma, siku hizi Myanmar, hilo tulijua wote, ila habari za huko alikuwa hasemi, ukimuuliza anakuambia kulikuwa na mvua. Akaiona ndege mezani. Akaitazama weee, akatikisa kichwa.

"Hii siijui."

"Ya vita vyenu, babu. Liberator."

"Mimi sijawahi kukaa juu ya ndege, nitaijuaje nikiitazama mgongoni? Inyanyue."

Nikapanda kwenye kigoda, mikono juu. Kibatari kiko chini karibu na jiko la mkaa, kwa hiyo mwanga unaipiga tumboni tu. Babu akaegemea nyuma mpaka kofia ikadondoka, hakuiokota. "Juu zaidi. Hizi hazikuwa zinapita chini." Nikasimama kwa vidole. Akanyoosha kidole anahesabu injini, moja, mbili, tatu, nne, akarudia tena kuanzia upande wa pili. "Shuka, tembea nayo. Usikimbie wewe! Unaisikia kwanza ndo unakuja kuiona." Nikatembea kutoka mlangoni mpaka dirishani na kurudi, mikono inawaka moto, yeye anaifuata kwa macho.

"Ndiyo," akasema. "Zilikuwa zinapita. Zinaenda huko mbele, sisi hazitujui."

"Hazikuwasaidia?"

"Labda zilitusaidia, mimi sikuona. Nilichoona mimi ni ile ya injini mbili, inashuka mpaka unamuona mtu kasimama mlangoni anasukuma gunia la mchele kwa mguu. Na gunia lenyewe likikupata limekuua." Akacheka peke yake. "Hiyo hawajakuletea?"

"Haikuwemo kwenye belo, babu."

Ukubwani nimesoma nikaelewa. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw, hukohuko Burma, mwaka 1944 katikati ya masika ya kule, matope na malaria, magari hayapiti, chakula kinadondoshwa na Dakota, ndiyo ile ya babu ya injini mbili, mpaka walipofika mto Chindwin Desemba. Liberator za Waingereza zilikuwa zinatokea India zinaenda kupiga reli, madaraja na bandari ya Rangoon. Kwa hiyo inawezekana kweli ziliwapita juu. Zilitengenezwa zaidi ya 18,000, kiwanda cha Ford cha Willow Run kulikuwa na kipindi kinatoa moja kila saa. Lakini pia, mjukuu wako kasimama kwenye kigoda mikono juu, anasubiri useme ndiyo, wewe ungesema nini? Hapo sijui, na nimeshaacha kujiuliza, au niseme nimepunguza.

Milango ya mabomu nilikuwa bado sijaigundisha. Babu akaiona, akainuka taratibu, akaenda kwenye ungo wa bibi akarudi na kipunje cha mchele kwenye kiganja.

"Tia humo."

"Babu, hii ni ya mabomu."

"Wewe ulikuwepo?"

Nikatia, nikagundisha. Najua wajenzi wa modeli wenyewe, wale wanaobishana juu ya rangi ya propela, wangenitoa kamasi, maana tangu siku hiyo ukiinyanyua tu inapiga kelele tumboni. Babu akawa hapiti pale mezani bila kuitikisa. Bibi naye alituambia wote wawili, mchele wa Kyela mnajua unauzwaje sasa hivi, halafu nyie mnaupandisha ndege.