Miaka tisa naitaja Ujiji, mwisho nimeifikia kwa treni

Nina miaka tisa natembeza wageni Bagamoyo, na miaka yote hiyo nikifika Karavansarai nasema maneno yale yale: hapa ndipo misafara ilipofungasha, na kutoka hapa wapagazi walitembea mpaka Ujiji, kule Ziwa Tanganyika. Nanyoosha mkono upande wa magharibi, wageni wanageuza shingo kama vile wataiona, tunapiga picha, kisha tunaelekea Misheni kuona mahali mwili wa Livingstone ulipofikishwa Februari 1874 na watumishi wake, kina Chuma na Susi. Nayajua haya kama Alhamdu.

Siku moja mama mmoja Mjerumani, mwalimu mstaafu, akaniuliza bila ubaya wowote: "Ujiji kwenyewe kukoje?" Uongo ulinijia mpaka kwenye ulimi, ukakwama. Nikamwambia sijawahi kufika. Mbali kabisa nilikokwenda upande ule ni Dodoma, kwenye harusi ya binamu yangu. Yule mama akacheka. Mumewe hakucheka, akawa anaangalia ramani kwenye simu.

Miezi minane baadaye wakaniandikia. Wanarudi, wanakuja na dada wa yule mama, na wanataka niwapeleke Ujiji. Kwa treni. Ndege watapanda wakati wa kurudi.

Nilikubali kwanza, hofu ikaja baadaye. Utamwongozaje mtu njia ambayo wewe mwenyewe huijui? Jirani yetu mmoja, mzee aliyekuwa gadi kwenye treni zamani, ndiye aliyeniokoa. Nilimkuta barazani kwake anatengeneza redio. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, leo umepotea njia?" Nikamweleza. Akauliza ndege ya wageni kutoka Kigoma ni lini. Nikasema asubuhi inayofuata siku ya kufika. Akaiweka redio chini. "Mwanangu, treni usiipangie ndege. Weka siku ya akiba. Ukiweza, weka mbili." Niliwaandikia wageni usiku ule ule, wakasogeza tikiti kwa siku mbili. Nitasema mbele kidogo kwa nini bado namwombea yule mzee.

La pili alilonifundisha ni la vitanda. Daraja la pili la kulala lina vyumba vya vitanda sita, vitatu kila upande, na wanaume hawachanganywi na wanawake isipokuwa mmekinunua chumba kizima. Wageni wangu walikuwa mwanamume mmoja na wanawake wawili. Ningekata tikiti tatu tu, mume angelala huku, mke kule. Kwa hiyo tulilipia vitanda vyote sita kwa watu watatu, mizigo ikapata pa kulala nayo. Mimi nikachukua kitanda changu chumba cha jirani, na wanaume watano nisiowajua. Uamuzi huo wa kubana matumizi ndio ulionipa nusu ya safari hii.

Watu wengi waliniuliza kwa nini tusipande SGR. Treni ya umeme, tangu ilipoanza 2024, inatoka Dar mpaka Dodoma kwa muda wa saa tatu na nusu hivi, na ni nzuri kwelikweli. Lakini ya kufika Kigoma ni ile ya zamani, reli ya upana wa mita moja waliyojenga Wajerumani, na wageni walitaka kutoka Dar mpaka ziwani bila kubadilisha. Kubadilisha Dodoma inawezekana. Ila ukiwa na watu watatu wenye umri wa miaka sitini na kitu na mabegi saba, utanielewa.

Kuna jambo sisi watu wa Bagamoyo hatulisemi sana mbele ya wageni: reli hii ndiyo iliyotunyang'anya mji. Pwani yetu maji yake ni machache, meli kubwa haisogei. Wajerumani wakahamishia makao Dar mwaka 1891, na walipoanza kujenga reli ya kati mwaka 1905 wakaianzia kule kwenye bandari yenye kina. Ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyekuwa akishuka pwani na frasila mbili za pembe begani, karibu kilo 32, hakuwa tena na sababu ya kuja kwetu. Ndiyo maana mtu wa Bagamoyo anayetaka kwenda Ujiji leo anapanda kwanza daladala mpaka Makumbusho, anarudi nyuma ili aende mbele. Niliwaambia hivyo wageni tukiwa tumebanana kwenye kosta, yule mama akasema hiyo ndiyo historia ya kwanza kumwambia iliyonitoka moyoni. Sikujua nifurahi au ninune.

Tuliondoka Dar usiku. Hapo nusura niharibu, maana nilikuwa nimewaambia "saa mbili", wao wakaelewa saa mbili ya kwao, yaani mchana wa saa nane. Wamefika stesheni na jua kali, wakakaa juu ya mabegi saa sita nzima. Tangu siku ile namwandikia mgeni saa zote mbili kwenye karatasi, ya kwetu na ya kwao, nazungushia duara.

Nilichobeba kilikuwa kingi, na karibu chote kilitumika: madumu matatu ya maji ya lita tano, mashuka, tochi, karatasi za chooni, ndizi na machungwa, noti ndogondogo za kununulia njiani, na kipande cha ubao cha kukazia dirisha usiku. Huo ubao ni wa mzee gadi. Treni inaposimama gizani, dirisha lililo wazi linaweza kumeza begi. Choo cha behewa sitakielezea. Nitasema tu kwamba hakitumiwi treni ikiwa imesimama stesheni, na kwamba wageni walizoea haraka kuliko nilivyotegemea. Blanketi ndilo nililolidharau. Mimi mtu wa pwani nilidhani baridi ni ya Lushoto tu. Usiku wa pili, tukikata vichaka vya Itigi kule juu, nilivaa mashati yangu yote matatu.

Mchana wa kwanza ndio uliokuwa mrefu. Treni inasimama katikati ya pori, hakuna stesheni, hakuna nyumba, mbuzi wawili tu. Yule bwana akaja mlangoni kwangu: "Kuna nini?" Nikaenda kumuuliza TT, mkagua tikiti. Reli ni moja, tunasubiri treni ya mizigo ipishane nasi mbele. Dakika ngapi? TT akaniangalia kwa huruma. Zilikuwa saa nne. Nikarudi kwa wageni nikawaambia ukweli: sijui. Nimejifunza kwamba mgeni anavumilia kuchelewa, asichovumilia ni kudanganywa "dakika kumi" mara ishirini. Tulimenya machungwa. Nikawakumbusha kwamba wapelelezi wa Kizungu, Burton na Speke, waliondoka pwani Juni 1857 wakaliona Ziwa Tanganyika Februari 1858. Yule bwana akahesabu kwa vidole, miezi minane, akarudi dirishani kimya.

Chumbani kwangu hakuna aliyekuwa na haraka. Kulikuwa na mfanyabiashara wa dagaa, vijana wawili wa chuo, kijana mmoja aliyelala tangu Dar hata sikuiona sura yake vizuri, na mzee wa Ujiji mwenye kofia ya kushona kwa mkono. Mzee aliponisikia nasema natoka Bagamoyo akaketi wima. "Bwagamoyo hasa?" Aliitamka hivyo, kwa namna ambayo wengine kwetu tunasimulia maana yake lakini hatuitamki. Akasema kwao mtoto mvivu wa kutumwa huambiwa: nimekutuma dukani, si pwani. Kisha akaniuliza kama miembe ya Bagamoyo bado ipo, maana wazee wao walisema misafara ilikula maembe na kutupa kokwa njia nzima, ndiyo maana miembe imefuata njia kutoka kwetu mpaka kwao. Nilikuwa nimeyasema hayo kwa wageni mara mia. Nilikuwa sijawahi kuyasikia yakitoka upande wa pili.

Nikamwita mama mwalimu aje asikie. Mzee akamsogezea nafasi, nikatafsiri mpaka jua likaanza kushuka na tukawa tumekaribia Saranda.

Saranda, kwa asiyejua, ni kuku. Treni ikisimama, akina mama wanakuja mbio na masinia kichwani, kuku wa kienyeji wamekaangwa mpaka wamekuwa na rangi ya samli. Masharti yangu kwa wageni yalikuwa mawili: kula kilicho cha moto, au kile unachokimenya mwenyewe. Kuku alipita mtihani. Nilikuwa dirishani nabishana bei na mama mmoja mwenye kitenge cha njano, tumeafikiana elfu kumi na mbili, kuku kishaingia ndani, mimi natafuta pesa kwenye mfuko wa suruali, treni ikang'oka. Alitembea sambamba na dirisha hatua chache, noti zikanikatalia mfukoni, mwendo ukaongezeka. Akasimama. "Utanipa ukirudi!" alipiga kelele, na alikuwa anacheka. Wageni walimla yule kuku kwa shangwe. Mimi alinikaa kooni.

Tabora tuliingia usiku wa manane, badala ya saa za jioni. Hapo mabehewa ya Mwanza yanakatwa, ya Kigoma yanapangwa upya, mnagongwagongwa kwenye giza kama maboga kwenye gari la ng'ombe. Yule bwana alijua kwamba Kwihara, kwenye tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1871 na 1872, haiko mbali na mji, akataka tuchukue teksi twende tukarudi. Nikakataa. Akanuna. Treni haikuondoka mpaka kumepambazuka, kwa hiyo alikuwa na haki ya kuninunia mara mbili, lakini ningekataa tena. Anayetaka Kwihara avunje safari Tabora, alale, akate tikiti ya pili. Hivyo ndivyo nitakavyopanga siku nyingine. Tulikunywa chai kwenye behewa la chakula, nikamnunulia chupa ya asali ya Tabora, tukapatana.

Kutoka hapo nchi inabadilika. Miombo, halafu miombo tena. Uvinza wanauza chumvi, kama walivyoiuza tangu enzi za misafara. Eneo la Malagarasi tulilivuka wageni wamelala wote watatu, nikawaacha.

Kigoma tulifika tumechelewa kwa muda wa saa kumi na moja. Kama tungebaki na ile ndege ya kwanza, Ujiji wageni wasingeiona. Hapo ndipo nilipompigia mzee gadi simu, nikamsomea dua nzima hewani. Akauliza tu kama ubao wake ninao.

Kesho yake tulienda Ujiji, kilomita chache kutoka Kigoma. Kuna mnara wa kumbukumbu, kuna miembe inayosemekana ilitokana na ule ambao Stanley alimkutia Livingstone chini yake mwaka 1871, na mtunza makumbusho akaanza kuwaeleza wageni habari za misafara. Akanyoosha mkono mashariki: "Walitoka kule, Bagamoyo." Wageni wote watatu wakageuka kuniangalia mimi. Nyumba za pale zina baraza kama za kwetu, wazee wamevaa kanzu, na Kiswahili chao nilikisikia bila kukaza masikio. Nilimwuliza mtunza makumbusho kama amewahi kufika Bagamoyo. Akasema bado.

Wageni walipanda ndege. Mimi nikarudi na treni ya zamani mpaka Dodoma, kisha SGR mpaka Dar, nikalala njia nzima kwa jinsi ilivyotulia, sikuona hata mlima wa Morogoro. Saranda tulipita saa nane za usiku. Niliteremka na elfu kumi na mbili mkononi. Kulikuwa na mama mmoja tu na birika la kahawa, hamjui mwenye kitenge cha njano, au alisema hamjui kwa kuwa wenye vitenge vya njano ni wengi. Hakukubali nimwachie.

Mwezi ujao nina wageni wengine wawili, tutalala Tabora. Hela ya kuku nimeiweka mbali na nyingine, kwenye mfuko wa shati.